Mtoto Asiyeruhusiwa Kukanyaga Chini

Hapana, jamani, mwanangu Nasra hakuponywa miguu. Miguu yake ilikuwa mizima tangu siku aliyozaliwa, muulizeni mkunga aliyepigwa teke la kifua. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu turudi kwetu Ntinda, hapa Kampala, sina raha. Dada wa duka la dawa ameniuliza nilimpeleka kwa mchungaji gani. Jirani wa ghorofa ya chini ameniletea mapapai, akashika goti la mtoto, akatokwa na machozi. Na nyinyi marafiki zangu, mlioona kwa macho yenu mtoto huyu akisimama dede kwenye makochi yenu, nanyi mmeanza kunitazama vingine. Haya, kaeni niwasimulie, habari ya tiketi na karatasi naiacha maana haina utamu.

Ntinda hadi Old Kampala

Kwanza mumjue mama mkwe wangu. Anaitwa Bi Mwanaisha, anakaa Majengo, Mombasa, katika nyumba ile ile aliyozaliwa mume wangu Swaleh. Ni mama mpole, msafi, hapandishi sauti, na tangu niolewe hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni "mke wa Swaleh". "Mke wa Swaleh, hujambo?" "Mke wa Swaleh, chai tayari." Hana ubaya, wallahi hana. Alitaka tu mwanawe aoe karibu, mwanawe akaja kuoa Kampala, na kwake yeye Kampala ni mbali kuliko Makka, kwa kuwa Makka ameshafika.

Kwao wana desturi moja. Mtoto akipiga hatua ya kwanza, bibi yake humwagia bisi kichwani, zimechanganywa na peremende na tende, huku akimwombea njia zake za maisha ziwe nyepesi. Watoto wa mtaa hujaa uani kuokota. Lakini sharti bibi awe ameiona hatua hiyo kwa macho yake. Bisi hazimwagwi kwa habari za kusikia. Hiyo ndiyo kanuni ya Bi Mwanaisha, na ameishika hata pale ilipomuumiza. Ana wajukuu Doha, ana wajukuu Uingereza, wote wameanza kutembea huko huko, na yeye amepigiwa simu kuambiwa. Hakumwaga hata punje moja.

Basi jioni moja simu ikalia. "Mke wa Swaleh, nina ombi," akasema. Nikakaa kitako, maana hakuwahi kuniomba kitu. "Nasikia huyu wenu ashaanza kusimama. Nawaomba, huyu mniwekee mpaka mje."

"Tumekuwekea, Mama," nikajibu upesi, utadhani ni bakuli la pilau.

Baada ya kukata simu nilibaki nimeishika vile vile. Nilitaka hatua ile ifike Mombasa salama kuliko nilivyotaka kufika mimi mwenyewe. Na niseme tu, nilitaka yule mama anipende.

Tatizo lilikuwa Nasra. Wakati huo alikuwa anashika kiti, anaachia mkono mmoja, anaachia wa pili, halafu anasimama katikati ya sebule akitutazama kama anayefikiria jambo. Kila akifanya hivyo mmoja wetu alimnyanyua mbio. Wiki ile ya mwisho kabla ya safari mtoto aliishi mikononi. Tulimpokezana jikoni, bafuni, hata wakati wa kupanga nguo sandukuni, na mgongo wangu ukawa na lugha yake ya kulalamika.

Siku yenyewe tulitoka alfajiri. Ntinda ilikuwa barabara tupu, jambo ambalo hamtaliamini, taa za maduka zikiwaka peke yake na harufu ya mvua ya jana ikipanda. Nasra alikuwa mgongoni mwangu ndani ya mbeleko, joto lake likinipita hadi kifuani. Tulipitia Old Kampala kwa mama yangu, maana sisafiri bila kumbusu mkono. Akatutolea kopo la sambusa za nyama, akampaka mtoto wanja kwenye nyusi, akanipenyezea na udi kidogo wa kumpelekea mkwe mwenzake.

"Mweke chini basi anyooshe miguu," Mama akasema.

"Haruhusiwi, Mama. Mpaka Mombasa."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Rukia mwanangu, umebeba mtoto au umebeba yai?"

Old Kampala hadi Entebbe

Njia ya uwanja wa ndege wa Entebbe nimeipita mara nyingi, lakini asubuhi ile ilikuwa ngeni. Pengine ni kwa sababu sikuwa nimelala. Mama anayenyonyesha huwa halali na haamki, anaelea tu katikati, na katika hali ile vitu vidogo vinakuwa vikubwa. Niliona mwanamke akifagia mbele ya kibanda chake, taratibu, kama hakuna kitu kingine duniani. Niliona mafunjo ya bondeni yamesimama ndani ya ukungu, vichwa tu vikionekana. Swaleh alikuwa anazungumza na dereva habari za mpira, na maneno yao yalinifikia yakiwa laini, hayana maana yoyote.

Nilisinzia. Nikaota bisi zinanyesha juu ya barabara, nyeupe, hazina sauti, na magari yamewasha taa yanazipita polepole. Mama mkwe wangu alikuwa ng'ambo ya pili ya barabara na bakuli tupu. Nilizinduka kwa sababu Nasra alikuwa ananivuta sikio.

Kadiri tulivyokaribia ziwa ndivyo ukungu ulivyozidi. Mwishowe dereva akawa anaendesha kwa kubahatisha, shingo mbele, akisema "banange, banange" yaani jamani, kwa sauti ya chini. Tulifika, lakini uwanja wenyewe hatukuuona mpaka tulipokuwa mlangoni.

Entebbe, kwenye ukaguzi

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu ni Swaleh kwa adabu zake.

Mlinzi wa ukaguzi alikuwa jitu la watu, mabega mapana, sauti ya gwaride. Akaniambia kwa Kiswahili nifungue mbeleko, nguo ipite kwenye mashine, na mtoto asimame pale kwenye mkeka ampapase. Nilimtazama Swaleh. Swaleh akamsogelea yule bwana, akashusha sauti, akasema kwa heshima zote za Mombasa, "Samahani afande, huyu mtoto haruhusiwi kukanyaga chini."

Uso wa afande ukabadilika pale pale.

"Pole sana, muzee," akasema. "Tangu azariwe?"

"Eh, tunamtunza tu hivi mpaka tufike Mombasa."

"Mombasa iko na hospitari muzuri," afande akasema, akitikisa kichwa. Akampapasa Nasra akiwa mikononi mwangu, kwa vidole viwili, polepole, kisha akawaambia walio mbele yetu wasogee tupite. Watu wakatupisha wakimtazama mtoto. Nyuma yetu alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa gomesi ya buluu, lile gauni refu la Kiganda lenye mabega yaliyosimama, na nilimsikia akivuta pumzi. "Bambi," akasema. Masikini.

Nilimfinya Swaleh. "Umesema nini wewe? Wanadhani mtoto ni mgonjwa."

"Sikusema mgonjwa. Nimesema haruhusiwi. Si kweli?"

Mabishano na mtu wa aina hii huwa hayana mwisho, nikashika njia.

Entebbe, ndani ya ukungu

Ndege yetu haikuwepo. Ilikuwa huko juu mahali fulani, au haikuwa imeondoka ilikotoka, kila mtumishi alikuwa na hadithi yake. Tulikaa kwenye ukumbi wa kungojea wenye kioo kirefu, na nje ya kioo hakukuwa na kitu. Hakukuwa na njia ya kurukia, ziwa, wala kilima. Weupe mtupu. Mara moja moja mtu mwenye koti la kung'aa alitokeza ndani ya ule weupe, akatembea hatua chache, akapotea tena. Nasra aliweka kiganja chake kwenye kioo akamwita kila mmoja "ba". Watu walizungumza kwa kunong'ona, sijui kwa nini, utadhani tungeuamsha ukungu ule ukatukasirikia.

Swaleh akaenda kutafuta chai na kuuliza habari. Nikabaki na mtoto mapajani na kopo la sambusa kwenye kiti cha pembeni. Yule mama wa gomesi ya buluu akaja akakaa karibu yangu.

"Nnyabo, mimi naitwa Mama Peace," akasema, akiniita bibi kwa Luganda. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Mumewe, aliniambia baadaye, alikuwa askari, wamekaa kambi nyingi. "Mutoto yako naitwa nani?"

"Nasra."

"Nasra. Muzuri. Na hii miguu, daktari arisema nini?"

Sasa ningemwambia nini? Nimwambie tunapeleka hatua Mombasa? Nilifungua mdomo, nikaona jinsi alivyoinamisha kichwa, macho yamejaa huruma. "Tunamwachia Mungu," nikasema.

Lo! Nilikuwa nimesema neno lenyewe alilokuwa anangojea.

Upande wa pili alikuwapo Mkongomani, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, anaitwa Mama Furaha, kilemba kikubwa cha manjano. Naye akavuta kiti. "Dada, sikia," akasema, "mtoto wa mudogo wangu alikuwa vile vile. Magoti haina nguvu. Tulimupakaa mafuta ya mawese asubui na mangaribi, leo anakimbia sana, anatusumbua. Niko na kachupa mu sakosi." Akakatoa kweli mkobani, kachupa kadogo kekundu, akaanza kumsugua Nasra magoti kabla sijasema ndiyo. Nasra alifurahi. Alinyoosha miguu kama bibi harusi anayesingwa.

Nikafanya lile ambalo mtu wa Old Kampala hulifanya akizidiwa na wema wa watu. Nikafungua kopo nikawagawia sambusa. Mama Peace akatoa ndizi za gonja za kuchoma zilizofungwa kwenye karatasi, akampa Nasra kipande akafyonza. Mama Furaha akatoa karanga. Tukala, weupe ukiwa umetuzunguka, na kwa kitambo niliona kwamba ningeweza kukaa pale siku zangu zote, mtoto ananukia mawese na gonja, wanawake wawili nisiowajua wakimshika mguu mmoja mmoja.

Kisha Mama Peace akafuta vidole. "Sasa tusari," akasema.

Nilimwambia, kwa upole, kwamba mimi ni Mwislamu. "Kale, haya," akajibu, "si Mungu ni moja? Wewe funga macho tu."

Nikafumba macho. Ilikuwa adabu tu, wenzangu. Mtu anamwombea mwanao, wewe umkodolee macho? Nilimshika Nasra kiunoni, alikuwa amekaa pajani kwangu, na Mama Peace akaanza. Alisali kwa Kiswahili, akahamia Luganda, akapanda sauti. Mama Furaha akaitikia "Amina, amina" na wengine wa viti vya nyuma wakadakia. Ile sauti ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na mimi sikuwa nimelala usiku. Nikaelea. Nikaziona tena zile bisi nyeupe. Vidole vyangu, sijui saa ngapi, vikalegea.

Nilishtuka kwa sababu paja lilikuwa jepesi.

Nasra alikuwa amesimama sakafuni, ameshika mshipi wa gomesi ya Mama Peace. Akanitazama. Akautazama mshipi, akauachia. Halafu akageuka, mikono juu, akatembea. Moja, mbili, ya tatu akayumba, ya nne akafika kwenye kiti chenye kopo la sambusa, akalishika kwa mikono yote miwili, akaketi chini na kopo lake puh!

Mama Peace alifumbua macho akakuta mtoto amemwacha. Hakupiga kelele mara moja. Aliweka mkono mdomoni. Kisha akasema "Yesu!" kwa sauti ndogo ya mtoto, halafu "Yesu!" kwa sauti kubwa, na ukumbi mzima ukasimama. Haleluya, makofi, vigelegele vya Mama Furaha. Simu zilizokuwa zikirekodi tangu sala ianze zikainuliwa juu. Watu wakamshangilia atembee, "Tambula, Nasra, tambula!" Na Nasra, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi namna ile, akainuka akatembea tena kurudi kwangu, uso umejaa unga wa sambusa.

Nami nililia. Nililia kwa sauti, mabega yakitetemeka, nimempakata mwanangu sakafuni katikati ya watu. Nilikuwa naona uso wa mama mkwe wangu na lile bakuli. Kitu kimoja tu aliniomba. Mama Peace akapiga magoti akanikumbatia, naye analia. "Shukuru, nnyabo," akaniambia sikioni. "Shukuru Mungu. Ria tu."

Swaleh alirudi na vikombe viwili vya chai. Alisimama pale amezungukwa na watu wanaompa mkono, mtu mmoja akambusu shavuni, naye anauliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Hakuwa ameona kitu. Mtoto alikuwa ameshakaa.

Angani

Ukungu uliondoka ghafla, ziwa likaonekana limelala pale pale kama siku zote, na tukapanda.

Nilimnyonyesha Nasra ndege ilipokuwa inapanda, masikio yasimuume, naye akalala mdomo wazi kabla hatujayafikia mawingu. Magoti yake yalikuwa bado yanang'aa mawese. Mama Peace alikuwa viti vitatu mbele yetu, na kila mara aligeuka kututazama, uso unawaka, akitupungia mkono. Alitupitishia kipande kingine cha gonja kutoka mkono hadi mkono, na kila abiria aliyekipitisha alitutabasamia.

"Tunyamaze," Swaleh akanong'ona. "Akitembea mbele ya Mama, basi hiyo ndiyo ya kwanza. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Rukia, ni bisi tu."

"Kwa nini basi hakuwamwagia wale wa Doha?"

Akageukia dirisha. Baadaye akanishika mkono akasema, "Hata mimi sikuiona." Nilimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, mwanamume mzima, na sikuwa nimefikiria kabisa kwamba na yeye alikuwa amekosa kitu. Nikaegemea bega lake.

Chini yetu mawingu yalikuwa yametandazwa, meupe, mengi mno, na jua lilikuwa juu yake bila haraka. Niliyatazama mpaka nikasahau niko wapi. Nikawa nafikiri, hatua ya kwanza ikishapigwa inakwenda wapi? Imebaki Entebbe, kati ya kiti na kiti, watu wanaikanyaga na masanduku yao. Nilitamani kurudi kuiokota. Mawazo ya mtu asiyelala hayo, msinicheke.

Nairobi, kwa kupita tu

Nairobi tulingojea ndege ya pili. Kabla hatujaachana nilimfuata Mama Peace, nikajikaza. "Mama Peace, nataka nikwambie kweli. Mtoto wangu si mgonjwa."

"Ndiyo!" akasema, akanishika mikono yote miwili. "Hayuko tena mugonjwa!" Akambusu Nasra, wanja ukamganda yeye puani, akaenda zake akiimba.

Simu yangu ilikuwa imekufa, Nasra alikuwa ameimaliza kwa katuni. Ya Swaleh ilikuwa na laini ya Uganda na ilikataa kabisa kushika mtandao. Kwa hiyo tulikaa, watu wawili tusiofikiwa na mtu, tukinywa chai ya maziwa na kugawana sambusa zilizobaki. Swaleh alimweka Nasra chini kwenye zulia, akarudi nyuma, akapiga magoti, akafungua mikono. "Njoo kwa Baba. Dede, dede. Njoo."

Nasra akaketi. Akamsimamisha, akaketi. Akamwonyesha sambusa, akaitambalia, akaila. Mtoto aliyetembezwa na ukumbi mzima sasa alikuwa amegoma, amegeuza miguu yake kuwa ugali. Abiria walimpita baba wa watu amepiga magoti, mikono wazi, na hakuinuka mpaka tulipoitwa.

Katika ndege ya pili sikuona kitu. Nilikuwa natunga maneno. Mama, nisamehe. Mama, kulikuwa na ukungu. Mama, nilifumba macho. Kila niliyotunga yalikuwa mabaya kuliko yaliyotangulia.

Mombasa

Joto la Mombasa lilitupokea mlangoni mwa ndege. Tulifika Majengo baada ya alasiri, jua limelala juu ya mabati, harufu ya mbaazi na mahamri ikitoka kwenye kila uchochoro. Nilimfunga Nasra mgongoni tena kwa mbeleko, sijui namficha nani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Nilivua viatu, nikatia mguu ndani, na kitu kikanisagika chini ya unyayo. Kra! Nikatia wa pili, kra! Sakafu ya sebule ilikuwa imejaa bisi. Zilikuwa chini ya meza, kwenye mikunjo ya mkeka, moja juu ya redio. Peremende mbili zilikuwa zimebaki pembeni ambako watoto hawakufikia. Katikati ya meza ilikuwapo simu ya mama mkwe wangu, kioo chake kina mafuta, na tende moja imeganda juu yake.

Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

"Mama," nikaanza, "nisamehe. Kulikuwa na uku—"

"Mama yako alinitumia video," akasema. "Naye kaletewa na jirani yake. Hata ndege yenu haijafika Nairobi, mimi nishaona. Nimeangalia mpaka simu imeshika moto." Akaionyesha sakafu. "Nikamwagia hapo hapo, juu ya simu. Kwa macho yangu nimeona. Kanuni sijavunja."

Swaleh akaangua kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Mimi nilishindwa. Nilikuwa nimesimama juu ya bisi, mtoto mgongoni.

"Nilikuahidi, Mama. Niliahidi nitakuwekea."

Akanitazama kwa muda mrefu, kuliko alivyowahi kunitazama tangu niingie nyumba ile.

"Watu wote mle wacheka," akasema polepole. "Wapiga makofi. Wewe peke yako walia, umekaa chini kwenye sakafu kama mtu aliyefiwa. Mama yako kaniandikia, tazama mwanangu anavyolia kwa furaha. Yule wa gomesi naye adhani ni furaha. Nikaangalia tena. Nikaangalia tena." Akainyooshea kidole ile simu. "Ulikuwa wanililia mimi."

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Aliinuka, akaingia jikoni. Tulisikia kifuniko, tukasikia mafuta, kisha zile sauti ndogo ndogo za mahindi yanayopasuka, chache, nyingi, chache. Hakuna aliyesogea. Akatoka na bakuli linalofuka moshi. Swaleh alikuwa ameshamshusha Nasra kutoka mgongoni mwangu, akamsogeza mbele.

"Huyo zake zishamwagwa," mama mkwe wangu akasema. Kisha akanigeukia. "Rukia. Mwanangu. Njoo hapa."

Nikaenda. Akanitoa mtandio kwa mkono wake, akaniinamisha kichwa, akazimwaga zote. Zilikuwa za moto. Zilinishuka shingoni, zikaingia ndani ya buibui, peremende ikanigonga sikio, na juu ya kichwa changu nilisikia sauti yake ikiniombea njia nyepesi, za kwenda na za kurudi. Watoto wa mtaa walikuwa wameshanusa, wakaingia kwa fujo kupitia mlango wa uani.

Nasra alipoona watoto wale wanaokota, akaachia goti la baba yake, akatembea katikati yao kuokota zake. Swaleh ndiye aliyemwona, na nilisikia akivuta pumzi. Mimi sikuinua kichwa. Mama mkwe wangu alikuwa ananitoa bisi kwenye nywele, moja moja, na nilikuwa naomba zisiishe.